Sauti ya Baba Ndani ya Nailoni

Nilikuacha nikiwa nimesimama kwenye banda la gari la dada yangu Marlys na mumewe Duane, mbele ya rafu tupu, mdomo wazi.

Kama hukusoma simulizi yangu wiki zilizopita, nitasema kwa kifupi, maana hasira hainipi nafasi ya kuremba. Mwezi wa nane mke wangu aliondoka. Mwezi wa kumi kiwanda kikanipa barua ya kwaheri. Mwezi wa kumi na moja bomba likapasuka kwenye nyumba ninayopanga, nikazihamishia diski zangu kwa Marlys zisilowe. Diski mia mbili na kumi na moja, zote katuni za Krismasi. Zile za zamani, ambazo televisheni ilizionyesha mara moja tu kwa mwaka, na ukizikosa umezikosa. Nimezikusanya kwa miaka ishirini na miwili.

Mke, kazi na nyumba niliyameza. Rafu ile ilinikaa kooni.

"Marlys. Ziko wapi?"

"Ziko wapi nini?"

"Usinichezee."

Marlys akaegemeza koleo la theluji ukutani, akavua glavu polepole, kama mtu anayejua ana kosa. "Zile katuni? Nilizipeleka kanisani. Jumamosi walikuwa na gulio la mitumba."

"Umezipeleka gulioni?"

"Duane alitaka kuingiza gari ndani, Lyle. Theluji inakuja. Halafu wewe mwenyewe ulisema unataka kuanza maisha upya."

"Nilikuwa namsema mke!"

"Sasa mimi ningejuaje? Mtu mzima wa miaka hamsini na sita, makatuni sanduku sita."

Nikamsogelea. Sijawahi kumpiga dada yangu, na siku ile sikumpiga, lakini nakiri mikono iliniwasha.

"Ile ya Bata Bukini ilikuwemo," nikasema.

Marlys akabadilika rangi. "Ile ya baba?"

"Ile ya baba."

"Si ulisema umeiweka benki?"

"Nilitaka kuiweka."

Akaketi juu ya ndoo ya chumvi ya kuyeyushia barafu na kuanza kulia. Sikumbembeleza. Niliondoka nikamwacha pale pale.

Ngoja nikueleze, ili usinione kichaa anayelilia midoli.

Baba yetu, Harlan Wendorf, alikuwa mtangazaji wa redio mjini Milwaukee. Mwaka 1968 watu fulani waliokuwa wakitengeneza katuni ya Krismasi, *Bata Bukini Aliyechelewa*, walimchukua aigize sauti ya mtu wa posta. Mtu wa posta anamkuta bata getini, anamwimbia, anaenda zake. Dakika moja na sekunde arobaini, basi. Miaka mitatu baadaye moyo wa baba ulisimama akiwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Nilikuwa na miaka tisa. Marlys alikuwa na minne.

Redioni kanda zake zote zilikuwa zimefutwa ili zirekodiwe vipindi vingine. Ndivyo walivyofanya enzi zile. Hakuna kokote duniani ilikobaki sauti yake isipokuwa pale getini kwa bata.

Kisha televisheni nayo ikaanza kukata. Walihitaji nafasi ya matangazo ya biashara, wakaona huyo mtu wa posta ndiye wa kutolewa. Diski zilipokuja, zikanakiliwa kutoka kwenye ile iliyokatwa. Ni toleo la kwanza peke yake, la diski mia chache, lililokuwa na wimbo mzima.

Mimi nilikuwa nalo. Na aibu yangu ni hii: sikuwahi kulifungua.

Sisi wakusanyaji tuna wazimu wetu. Diski iliyofunguliwa ni diski tu. Iliyo na nailoni yake ya kiwandani ni kitu kingine kabisa. Unaishika kwa kucha, unawaonyesha wenzako, wanashusha pumzi, unairudisha kabatini. Ya kutazama unanunua nyingine.

Kila Krismasi mama alikuwa akiniambia, "Lyle, ifungue basi tumsikie baba yako."

Nami nikajibu, "Mama, ikifunguliwa thamani imekwisha. Mwakani."

Nilimwambia mwakani kwa miaka kumi na mitano. Nilikuwa namwekea ile iliyokatwa, akamtazama mtu wa posta akifungua geti, na papo hapo anaonekana mgongo, anaondoka. Mama hakulalamika. Alikuwa akisema tu, "Alikuwa na koti kama lile," kisha anaenda jikoni kuangalia viazi.

Sasa yuko kwenye makao ya wazee. Ana miaka themanini na minne. Kumbukumbu inakuja na kutoka, na daktari amesema tusipange mambo ya baada ya majira ya baridi. Hapo ndipo akili ikanirudia. Niliapa kwamba mkesha wa Krismasi nitaketi kitandani kwake, nichane nailoni mbele ya macho yake, amsikie mumewe. Na hiyo ndiyo diski ambayo Marlys aliipeleka gulioni pamoja na sufuria zake za zamani.

Kanisani nilimkuta Bi Verna kwenye ukumbi wa chini, anakunja meza. Bi Verna amekuwa akikunja meza zile tangu mimi nabatizwa.

"Lyle! Kunywa kahawa. Kuna na viazi vya jibini vimebaki."

"Bi Verna, diski alizoleta Marlys."

"Ah, zile! Zilikwenda zote, baba. Mtu mmoja alizichukua kabla hata hatujazipanga."

"Mtu gani?"

"Yule mwenye kofia ya rangi ya chungwa ya kuwindia, hata majira ya kiangazi haivui. Pfaff. Gordy Pfaff."

Nilikiweka kikombe mezani kwa nguvu hadi kahawa ikaruka.

"Usinichafulie kitambaa," alisema Bi Verna. "Ana ubaya gani? Anaimba vizuri."

Ana ubaya gani! Gordy Pfaff anafungua kila kitu. Akinunua diski, anaichana akiwa bado kwenye gari. Anazishika na vidole vyenye mafuta ya soseji. Anaandika kwa kalamu juu ya kava: "Nzuri, mwisho unaliza." Chama chetu kina watu kumi na mmoja, tunakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na miaka minne iliyopita kilikuwa na watu kumi na wawili. Wa kumi na mbili alikuwa Gordy. Alikuja na diski alizonakili nyumbani, akawa anawagawia watu kama pipi. Kwetu kunakili ni kosa lisilosameheka. Mimi ndiye niliyesimama nikataka afukuzwe. Mimi ndiye niliyehesabu mikono.

Niliendesha gari hadi kwake nikiongea peke yangu, na sitayaandika niliyoyaongea.

Mbele ya nyumba yake alikuwa amesimamisha lile sanamu kubwa la mtu wa theluji, la plastiki, la kujazwa upepo kwa feni, linayumbayumba likicheka. Nililipita. Mlango ukafunguka kabla sijagonga.

"Nilijua utakuja," alisema Gordy. Alikuwa na kofia yake kichwani, ndani ya nyumba. "Kahawa?"

"Diski zangu."

"Hizo hapo mezani. Zote. Zihesabu."

Nikatazama. Sanduku sita, zimepangwa kwa herufi kama nilivyozipanga mimi.

"Nilizitambua palepale gulioni," alisema. "Nikasema hizi ni za Lyle, na Lyle hawezi kuziuza akiwa na akili zake. Nikazichukua zisipotee. Nimekupigia simu mara tatu, ukawa umenifungia namba."

Kweli nilikuwa nimemfungia namba, miaka minne. Nakiri kwamba nusura nimkumbatie mtu niliyemchukia kuliko wote mjini Sheboygan. Nilinyoosha mkono kwenye sanduku la kwanza, herufi B, nikaitoa Bata Bukini.

Haikuwa na nailoni.

Nailoni ilikuwa imeviringishwa kwenye kopo la takataka, chini ya maganda ya karanga.

"Umefungua," nikasema. Sauti ilikuwa ndogo, siyo yangu.

"Nimefungua."

"Gordy. Umefungua diski yangu."

"Lyle, nisikilize..."

Sikumsikiliza. Nilimkamata ukosi wa shati, nikamsukuma hadi akagonga friji, sumaku zikaanguka moja moja. Ni mtu mkubwa kuliko mimi, angeweza kuniweka chini kwa mkono mmoja. Hakunigusa.

"Miaka kumi na mitano!" nilimpigia kelele usoni. "Miaka kumi na mitano sijaigusa, wewe umekaa nayo siku tano! Ilikuwa ya mama! Unaelewa? Nilikuwa niifungue mimi, kwa mkono wangu, mbele yake!"

"Igeuze," alisema Gordy.

"Nini?"

"Igeuze nyuma uitazame. Halafu ukitaka kunipiga, nipige."

Nilimwachia, nikaitoa diski kwenye kava na kuigeuza.

Wewe usiyejua diski, upande wa chini unatakiwa kung'aa kama kioo. Huu ulikuwa na doa la kahawia, rangi ya chai, limeanzia ukingoni likatambaa hadi karibu na katikati. Niliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mwanga ulipita kwenye vitobo vidogo.

"Imeoza," alisema Gordy taratibu. "Toleo lile lote linaoza. Gundi haikushika vizuri, hewa ikaingia. Yangu ilianza mwaka wa pili. Niliona kwa sababu nilikuwa naicheza. Nilipoiona yako gulioni nikaogopa, ndiyo maana nikafungua. Nilitaka kuiwahi. Imeshakufa, Lyle. Imekufa zamani, nadhani ni miaka kumi."

"Mwongo."

"Deki hiyo hapo."

Niliiweka mwenyewe. Deki ikazungusha, ikakoroma, ikazungusha tena. Kisha kioo cha televisheni kikawa cheusi na maandishi yakatokea: tafadhali weka diski.

Nikaitoa, nikaipangusa na shati, nikairudisha. Tafadhali weka diski.

Nataka kusema hasira iliniisha, lakini si kweli. Iliongezeka, ila sasa haikuwa na mtu wa kumwangukia. Kila mwaka niliomwambia mama "mwakani", kitu kilikuwa kinaoza kabatini kwangu ndani ya nailoni safi, nami nikiwaonyesha watu.

"Kwa hiyo hatamsikia," nikasema. "Mama atakufa hajamsikia."

Gordy akavua kofia. Sikuwahi kumwona bila kofia. Ana upara.

"Lyle, mama yako ameshamsikia."

"Unasema nini?"

"Nilinakili yangu kabla haijafa. Ile nakala niliyowaletea chamani, mliyonifukuzia." Hakusema kwa chuki, na hilo lilinichoma zaidi. "Shangazi yangu alikuwa kwenye makao yale yale, chumba cha kuangaliana na mama yako. Siku moja nilikuwa namwekea shangazi katuni, mama yako akaingia na kiti chake, akasema yeye mumewe aliimba kwenye katuni. Akasema ana mwana mwenye diski yake, lakini haifunguliwi."

"Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Sikujua ni wewe, hadi nilipoona picha yako ukutani kwake. Alhamisi iliyofuata nikamletea. Shangazi alifariki mwaka jana, mimi nikaendelea kwenda."

"Kila Alhamisi?"

"Kila Alhamisi."

"Na hukuniambia!"

"Kwa namba gani?" Kwa mara ya kwanza alipandisha sauti. "Na ningekuambia nini? Njoo uone nakala haramu? Ulininyooshea kidole mbele ya watu, Lyle. Uliniita mwizi. Nilirudi nyumbani nikalia kama mtoto, nikiwa na miaka sitini."

Akatazama saa ya ukutani, akachukua deki ndogo ile ya kukunjua kioo, akaibana kwapani. "Leo ni Alhamisi. Saa nane ananingoja."

"Ukithubutu kwenda kule naita polisi."

"Waite. Wakikuuliza nimefanya kosa gani, uwe na jibu."

Akatoka. Pikapu yake ikanguruma, ikaondoka, nikabaki jikoni kwa mtu nikiwa na diski mfu mkononi.

Nilipotoka, lile sanamu la theluji lilikuwa bado linacheka. Nililipiga teke la tumbo. Likainama, kisha likasimama tena, linacheka. Nikalipiga tena, likasimama tena. Jirani wa ng'ambo, aliyekuwa anatundika taa, aliacha kutundika akanitazama. Nikauvuta waya wa feni hadi ukang'oka, likalala juu ya theluji polepole, nami nikaingia kwenye gari bila kumsalimu mtu.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitamwambia Gordy atoke. Nitamwambia mama kwamba mwanawe yupo, asihitaji wageni. Nitachukua nakala ile kwa nguvu ikibidi, nikae nayo mimi, nimwekee mimi. Kama ni haramu, basi iwe haramu yangu.

Mapokezi kulikuwa na dada mmoja ambaye sikumjua, amevaa sweta yenye kengele.

"Nimekuja kumwona Ardis Wendorf," nikasema.

"Ana mgeni sasa hivi. Mwanawe yuko naye. Unaweza kusubiri pale penye mti."

"Mwanawe ni mimi."

Akanitazama kuanzia viatu. Nilikuwa na theluji hadi magotini na shati lenye kahawa. "Mh! Mwanawe sisi tunamjua, mzee. Yule wa Alhamisi."

"Mimi huwa nakuja Jumapili!"

"Jumapili mimi sipo," alisema kwa adabu. "Jina lako nani, niandike?"

Sikumpa jina. Nilipita. Akaniita, sikugeuka. Na kwa kuwa nimeahidi kukiri, nakiri: nilikuja Jumapili, lakini si kila Jumapili. Mwezi ule niliokuwa nagombana na mke sikuja hata moja. Mwezi wa bomba nilikuja moja, nikamkuta amelala, nikaacha maua.

Nilikuwa katikati ya korido niliposikia.

Mtu anaimba. Sauti nzito kidogo, yenye kicheko kimejificha chini yake, inavuta neno la mwisho la kila mstari kama hataki kuliachia. *Barua yako imechelewa, bata, na mimi nimechelewa, lakini geti nimeliona.* Nikashika reli ya ukutani. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa anavuta maneno hivyo. Miaka arobaini na saba nimebeba sauti nyingine kichwani, ya kujitungia, na haikufanana na hii hata kidogo.

Hasira haikuondoka. Ilikuja pamoja na machozi, vyote kwa wakati mmoja. Yule bwana wa upara alikuwa amemsikia baba yangu kila wiki, na mimi bado.

Nikafungua mlango.

Mama alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini, midomo yake inafuata wimbo neno kwa neno. Gordy alikaa kwenye kigoda chini yake, kofia mfukoni, deki ameipakata ili mama asiiname. Mkono wa mama ulikuwa juu ya upara wake, unaupapasa hivi, taratibu, jinsi alivyokuwa akinipapasa mimi nikiwa na homa.

Gordy aliniona kwanza. Akasimamisha picha.

"Usizime, Lyle," mama alimwambia Gordy.

Nilidhani sikusikia vizuri.

Kisha mama akageuza uso mlangoni, akanitazama moja kwa moja. Macho yake yalikuwa makavu na yenye adabu, macho anayompa mtu wa kuja kusoma mita. Akamwinamia Gordy.

"Lyle, mwanangu, nani yule?"

Gordy aliinua uso. Alinitazama. Nikamtazama. Nilimwashiria kwa kichwa, nikamwonyesha kwa kidole kifua changu: mwambie. Mwambie ni mimi. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi kwenye upara, na mkono wa mama ulikuwa bado pale juu.

"Ni fundi, Mama," alisema Gordy. "Amekuja kuangalia kama inafanya kazi."

"Mwambie inafanya kazi," alisema mama. "Mwambie tuko na baba yako hapa, atuache. Na afunge mlango, baridi inaingia."

Nikaingia ndani, nikaufunga mlango nyuma yangu.